Hita ya Maji Nyumbani: Maradhi Yake na Tiba Yake

Yamkini baadhi ya wasomaji wetu watastaajabu kuona kurasa hizi zikizungumza habari ya hita ya maji katika mji wenye joto kama Dar es Salaam. Lakini aliyeamka kutawadha alfajiri ya mwezi wa Julai huko Bunju au Chamazi, na maji yamelala usiku kucha katika tangi juu ya mnara, ajua kwamba pwani nayo ina baridi yake. Na katika kila nyumba yuko mtu ambaye baridi hiyo haimfai: mzee mwenye maumivu ya viungo, mzazi aliye katika arobaini yake, mtoto mchanga, mgonjwa. Zamani sufuria juu ya mafiga ilitosha. Leo nyumba nyingi zinazojengwa Tegeta, Boko, Mbagala na Toangoma hutiwa hita ya umeme tangu mwanzo, wala si anasa tena. Twaona basi yapasa kuzungumza juu ya chombo hiki, kwa kuwa kikiharibika hakitii hasara ya fedha tu, bali chaweza kuua.

Hita za umeme zilizo nyingi kwetu ni za namna mbili. Ya kwanza ni tangi dogo la kutungikwa ukutani, la lita 30, 50 au 80, lenye koili ndani yake na thamostati ya kuukata umeme maji yakishapata moto unaotakiwa. Kuyapasha maji ya lita 50 kutoka nyuzi 25 hadi 60 kwahitaji kadiri ya uniti 2 za umeme, na koili ya wati 1,500 huimaliza kazi hiyo kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Mwenye kuiacha ikiwaka mchana kutwa, hali watu wa nyumbani wataoga jioni, asiilaumu LUKU. Ya pili ni ile ifungwayo kwenye bomba la mvua, ambayo huyapasha maji yakiwa yanapita. Hiyo haina tangi, lakini hula umeme mwingi kwa mara moja, nasi tutairudia.

Maradhi ya kwanza hutoka katika maji yenyewe. Wapatao maji ya Ruvu kwa mabomba ya DAWASA wamo katika nafuu. Wategemeao visima virefu, kama walivyo wengi upande wa Mbagala na Kigamboni, mara nyingi hupata maji ya chumvi na chokaa. Kila mama wa nyumba ameuona ule ukoko mweupe ndani ya birika. Ukoko huo huo huivika koili, na moto ukashindwa kutoka upesi. Hapo hita huchelewa, hula umeme zaidi, na huanza kuunguruma kama sufuria ya uji. Tiba yake si ngumu: fundi aikate umeme, ayamwage maji, aitoe koili na kuisafisha kwa siki, na aukoshe mchanga uliotuama chini ya tangi. Aitazame pia fimbo ya magnesiamu iliyomo ndani. Watu wengi hawajui hata kwamba ipo, nayo ndiyo inayoliwa na kutu badala ya chuma cha tangi. Ikiisha, kutu hugeukia tangi lenyewe. Kwa maji ya Ruvu yatosha kuitazama mara moja kwa mwaka. Kwa maji ya chumvi twaona miezi sita isipite. Tangi likishatoboka halina dawa, na fundi atakaye kulichomelea anakula fedha yako bure.

Maradhi ya pili hutoka katika ukosefu wa maji. Mwishoni mwa mwaka 2022, maji ya mto Ruvu yalipopungua na mji ukaingia katika mgao, matangi mengi ya juani yalikauka. Hita isiyofungwa valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma hunyonywa maji yake, na koili iwakayo pakavu haidumu. Mabomba yakikauka, zimeni hita. Maji yakirudi, fungueni bomba la moto mpaka yatoke bila kukohoa, ndipo muwashe. Na umeme ukikatika fanyeni vivyo hivyo, kwani ukirudi kwa nguvu huziunguza thamostati.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Pembeni mwa hita ya tangi pana valvu ndogo ya usalama. Maji yakipashwa moto hutanuka: lita 50 zikitoka nyuzi 25 hadi 60 huongezeka zaidi ya nusu lita. Palipo na valvu ya kuzuia maji yasirudi, ziada hiyo haina njia ila kupitia valvu ya usalama, matone kwa matone. Mwenye nyumba huyaona matone, akadhani hita inavuja, akamwita fundi. Na fundi asiyejua, au ajuaye lakini ataka kumridhisha mtu haraka, huliziba tundu kwa kizibo. Matone yakakoma, akalipwa, akashukuriwa. Kisha siku nyingine thamostati ikaungua, akaja fundi mwingine akaunga waya moja kwa moja bila ya kuipitia, “mpaka tupate kifaa kingine”. Nyumba hiyo sasa ina chungu kilichofunikwa pande zote na moto usiozimika. Maji yaliyobanwa huvuka nyuzi 100 bila kuchemka, na tangi likipasuka hugeuka mvuke kwa dharuba moja, lita moja ikawa zaidi ya lita 1,600. Ukuta wa matofali hauzuii hayo. Matone yakiwa machache wakati wa kupasha, ni dalili ya afya, yawekewe mpira wa kuyapeleka nje. Yakimiminika mfululizo, valvu ibadilishwe, isizibwe kamwe.

Umeme nao una hatari yake. Mtu akigusa bomba akasikia mtekenyo, husema, “Linapiga shoti kidogo,” akaendelea kuoga. Hakuna shoti ndogo kwa mtu aliyelowa maji! Koili iliyotoboka huumwaga umeme ndani ya maji, na kama nyumba haina waya wa kwenda ardhini, wauitao mafundi ethi, njia ya umeme ni mwili wa muogaji. Nyumba za zamani za Temeke na Kinondoni, zilizoongezewa vyumba na nyaya mwaka hadi mwaka, mara nyingi ethi yake imekatika au haikuwako tangu awali. Ipimwe, na pafungwe breka ya kukata umeme unaovuja, ile ya miliampia 30. Ama hita ya bomba la mvua ya wati 5,500, hiyo huvuta ampia 24; yataka waya wake peke yake wa milimita 6 kutoka kwenye breka, si kuungwa kwenye soketi ya pasi.

Ni nani basi aitwe? Mafundi umeme hupewa leseni na EWURA, na kumwomba mtu leseni yake si kumvunjia heshima. Chuo cha VETA Chang'ombe, kilichomo Temeke penyewe, kimewafunza vijana wengi kazi hii, na mafundi waliojifunzia mitaani nao VETA huwapima na kuwapa vyeti. Kijana wa nyumbani mwenye mikono myepesi angeweza kufikiri juu ya hilo. Patana bei kabla hajafungua bisibisi, nawe uombe kukabidhiwa kifaa cha zamani kilichotolewa. Mpangaji na mwenye nyumba waandikiane nani alipe.

Wasomaji huuliza pia juu ya hita za jua. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi wametaja karaha ya kutumia mwilini maji yaliyopashwa na jua katika vyombo vya madini, katika nchi ya joto, kwa kuhofia ugonjwa wa ngozi. Na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, aliona kwa upande wa dalili kwamba karaha hiyo haikuthibiti. Kwa kauli zote mbili maji hayo ni tohara na udhu wake wasihi. Hita hiyo nayo ina tangi na valvu, na mara nyingi ina fimbo ya magnesiamu na koili ya umeme kwa siku za mawingu. Yote tuliyoyataja juu ya chumvi, ethi na vizibo yaihusu vile vile.