Outdoor School (Oregon)

Outdoor School (yaani "shule ya nje") ni programu ya elimu katika jimbo la Oregon, Marekani. Wanafunzi wa darasa la tano au la sita hukaa siku kadhaa kambini pamoja na walimu wao wakijifunza kuhusu misitu, udongo, maji, mimea na wanyama. Tangu mwaka 2017 programu hii hugharamiwa hasa na mapato ya bahati nasibu ya jimbo.

Mafunzo

Karibu nusu ya eneo la Oregon ni misitu, na uvunaji wa mbao ni sehemu muhimu ya historia yake. Kambini wanafunzi hupima miti, hukadiria umri wake kwa kuhesabu pete za shina, huchunguza udongo na kupima maji ya vijito. Vijana wa shule za sekondari hujitolea kuongoza vikundi.

Historia ya ufadhili

Majaribio ya kwanza yalifanyika mwaka 1957. Kwa miaka mingi kila wilaya ya shule ilijitafutia pesa za mabasi, chakula na malazi, na mara nyingi wazazi walichangia. Bajeti zilipopungua, safari zilifupishwa au kufutwa. Hivyo nafasi ya mtoto kwenda msituni ilitegemea mahali alipoishi na uwezo wa shule yake.

Mwaka 2015 Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuanzisha mfuko maalumu, lakini halikuutengea pesa. Novemba 2016 wapigakura, takriban theluthi mbili, walikubali pendekezo namba 99. Linatenga asilimia 4 ya mapato halisi ya bahati nasibu, yasizidi dola milioni 22 kwa mwaka, kiwango kinachorekebishwa kulingana na mfumuko wa bei. Pesa hugawiwa kupitia Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon.

Changamoto

Wapinzani walisema pesa hizo zingepunguza fungu la maendeleo ya uchumi. Bunge nalo bado huamua kiasi katika kila bajeti ya miaka miwili: kwa 2017–2019 lilitoa dola milioni 24 tu. Tena mapato ya bahati nasibu hayana uhakika. Machi 2020, kutokana na UVIKO-19, baa zenye mashine za michezo hiyo zilifungwa, na shule zikafungwa pia.