Futi 7,500 Zilizosikika Kama 5,000

Tarehe 3 Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways ilikuwa ikishuka kuelekea Nairobi. Mwongoza ndege aliiruhusu ishuke hadi futi 7,500, na namba hiyo ikatajwa tarakimu moja moja: saba, tano, sifuri, sifuri. Marubani wakasikia tano, sifuri, sifuri, sifuri. Kiwanja cha Nairobi, enzi hizo kikiitwa Embakasi, kiko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo jumbo ile ilikuwa ikiteremshwa taratibu, bila wasiwasi wowote, kwenda kwenye kimo kilicho chini ya ardhi. Kosa halikunaswa redioni. Lilinaswa na macho, pale ndege ilipochomoza mawinguni na marubani wakaiona ardhi iko karibu mno. Walipoinua pua kurudi juu, zilikuwa zimebaki futi 70 hivi. Hakuna aliyeumia, na nadhani ndiyo sababu tukio hili halisimuliwi sana hata Kenya kwenyewe.

Karibu miaka 15 baadaye kosa la ukoo uleule liliua. Februari 19, 1989, ndege ya mizigo ya Flying Tiger, nayo 747, ilitoka Singapore ikawa inakaribia kiwanja cha Subang, Kuala Lumpur. Mwongozaji alisema: "descend two four zero zero", yaani ishuke hadi futi 2,400. Ile "two" ikamfikia rubani kama "to", na agizo likawa kushuka hadi 400. Akajibu: "Okay, four zero zero." Kosa lote lilikuwa ndani ya jibu hilo, limesemwa kwa sauti, na hakuna aliyelisahihisha. Ndege iligonga kilima, wote wanne waliokuwamo wakafa.

Kwa kanuni za leo, kimo cha futi hutajwa kwa elfu na mia: "two thousand four hundred". Ukiisikia "thousand" huwezi kuchanganya 2,400 na 400, hata redio ikikwaruza. Mwelekeo wa dira bado hutajwa tarakimu moja moja. Hata matamshi yamepangwa. Rubani akisema "tree" badala ya "three", au "niner" badala ya "nine", usidhani ni lafudhi. Ndivyo yalivyoandikwa katika vitabu vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, kwa kuwa "five" na "nine" zikipita kwenye kelele za injini hukaribia kuwa neno moja.

Lakini namba kutajwa vizuri ni nusu tu ya kazi. Chukua ndege ndogo inayotoka Zanzibar kuingia Dar es Salaam. Mwongozaji anaiita kwa jina lake, anaiambia ishuke hadi futi elfu mbili, anaipa kipimo cha mgandamizo wa hewa cha kurekebishia altimeta, tuseme 1012, na kuitajia njia ya kutua, 05. Rubani analazimika kuyarudia yote matatu, kisha amalizie kwa jina la ndege yake. Akitajiwa na upepo, huo harudii, kwa sababu hiyo ni habari, si agizo. Akirudisha 1021 badala ya 1012, tofauti ni ya hektopaskali tisa, na kila moja ni kama futi 27. Altimeta itamwonyesha kwamba yuko juu kwa futi 240 hivi kuliko alipo kweli. Usiku wa mvua, juu ya bahari isiyo na taa, futi 240 ni nyingi sana.

Je, akijibu "Roger" tu? Neno hilo hubeba jambo moja: nimepokea ulichosema chote. Halionyeshi alichosikia. Mwongozaji makini hataliacha lipite, atadai namba zirudiwe.

Sehemu ngumu kuliko zote inakuja hapo, nayo ni kusikiliza yanayorudishwa. Mwongozaji anajua alichosema, kwa hiyo sikio lake linatarajia kukisikia kilekile, na sikio husikia linachotarajia. Wakati huohuo mkono unaandika, simu ya kituo jirani inalia, ndege nyingine inasubiri kuita. Ningepewa kupanga mafunzo ya waongoza ndege, ningeongeza saa nyingi za kusikiliza majibu yenye makosa yaliyofichwa, maana kusema sahihi mtu hujifunza mapema, na kunasa kosa huchukua miaka.

Redio yenyewe nayo ina udhaifu wake. Wote walio kwenye masafa yale wanatumia njia moja, na wawili wakibonyeza kwa pamoja, wengine husikia mlio tu. Ndivyo ilivyokuwa Tenerife tarehe 27 Machi 1977, katika ukungu. Rubani wa KLM alisema "we are now at take-off", mnara ukaelewa kwamba ndege imesimama tayari ikingoja. Mnara ukamwambia asubiri, na marubani wa ndege ya Pan Am nao wakasema sekunde zilezile kwamba bado wako kwenye njia hiyohiyo ya kurukia. Sauti zikagongana, na kwa KLM ukaingia mlio. Ndege hizo mbili ziligongana, wakafa watu 583. Tangu hapo "take-off" halitamkwi ila wakati wa kutoa ruhusa ya kuruka au kuifuta. Kabla ya hapo husemwa "departure".

Naulizwa mara nyingi: ikiwa rubani ni wa Mwanza na mwongozaji ni wa Tanga, kwa nini wasizungumze Kiswahili? Kanuni za ICAO haziikatazi lugha ya nchi, mradi Kiingereza kiwepo kwa anayekihitaji. Tatizo ni masikio mengine. Rubani hujenga picha ya anga kwa kusikia wenzake wanaambiwa nini. Zagreb, tarehe 10 Septemba 1976, mwongozaji aliyelemewa na kazi alitoa agizo la mwisho kwa Kiserbia-Kikroeshia kwa ndege ya Inex-Adria. Marubani Waingereza wa ndege nyingine, iliyokuwa ikija karibu na kimo hichohicho, hawakuelewa neno. Ndege ziligongana, wakafa 176. Chanzo hakikuwa lugha peke yake, ila lugha iliwanyima Waingereza wale nafasi ya mwisho ya kushtuka. Nakipenda Kiswahili, na bado sitaki kukisikia kwenye masafa ya mnara ambako Mhabeshi, Mturuki na Mholanzi wanasubiri zamu ya kutua.

Kinachonihangaisha zaidi kwetu ni heshima. Rubani msaidizi kijana, pembeni yake kapteni wa umri wa baba yake, husita kusema, "Mzee, mimi sikusikia hivyo." Kuuliza "say again" mara ya pili nako kunaonekana kama kumsumbua mtu mzima. Ndiyo maana mashirika mengi yameufanya ukaguzi wa kimo kuwa utaratibu wa kila mara, usiomtegemea mwenye ujasiri. Mmoja anaweka kimo kilichoagizwa kwenye kidirisha cha mtambo wa kuongoza ndege, wa pili anakinyooshea kidole na kukitaja kwa sauti. Wakitofautiana, wanauuliza mnara kwanza, ndipo ndege inaanza kushuka.