Nyaya mbili za mlango wa kujikunja

Mfanyabiashara wa Niemba anayetaka duka lake lifungwe na mlango wa chuma unaojikunja kwa mota, aanze na swali moja: umeme utatoka wapi? Kalemie mjini kuna umeme wa maji wa Bendera. Huku kwetu, kwenye njia ya reli ya Kabalo, anayetegemea paneli za jua au jenereta ajipange kivingine.

Mota ya kawaida ya volti 230 hukaa ndani ya bomba ambalo mlango unajizungushia. Ina nyaya nne: wa bluu ni nyutro, wa kijani na njano ni wa ardhini, wa kahawia na mweusi ni wa kupandisha na kushusha. Mlango ukipanda ulipotakiwa kushuka, zima umeme kwenye kikata umeme, zibadilishe nafasi hizo mbili za mwisho, basi.

Ndani ya mota, kapasita inaunganisha waya wa kahawia na mweusi. Kwa hiyo mmoja ukipewa umeme, mwingine haulali. Mota inapozunguka, ule unaodhaniwa hauna kazi hubeba volti zinazozidi hata zile 230 za chanzo. Fundi anayeushika akiamini umekufa anahatarisha maisha yake, na hili kila mwanafunzi wa ufundi aambiwe siku ya kwanza.

Ndiyo maana swichi lazima iwe ile yenye kizuizi, isiyokubali juu na chini kwa pamoja. Swichi mbili za taa hazifai kabisa. Ukitumia rilei, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme, ziunganishwe ili moja ikiwaka nyingine isiweze kuwaka, na mota ipewe angalau nusu sekunde ya kutulia kabla ya kugeuzwa.

Mwenye milango miwili hushawishika kuunganisha mota zote kwenye swichi moja. Asikubali. Mlango wa kwanza ukifika chini, swichi yake ya ukomo, ile inayosimamisha mota mlango unapofika mwisho, inakata. Wa pili bado unashuka, na volti za waya wake wa kupandishia zinavuka hadi kwenye mota ya kwanza na kuiamuru ipande. Inapanda kidogo, swichi ya ukomo inarudisha umeme, inashuka, inakata, inapanda tena. Itahangaika hivyo mpaka swichi ya ukomo iungue. Kila mota ipate rilei zake.

Mota iliyojizima baada ya kama dakika 4 za kupanda na kushuka mfululizo haijaharibika. Kinga ya joto imekata. Iacheni ipoe, msiitupe.

Kwa umeme wa jua, inveta iwe ya wimbi safi, yenye uwezo mara kadhaa ya wati za mota, kwa kuwa mota inapoanza huvuta umeme mwingi. Inveta za bei rahisi zisizo na wimbi safi huifanya mota ivume na kuchemka. Mimi ningechagua mota ya betri ya volti 24: betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa, bila inveta, na kugeuza mwelekeo ni kubadilisha nafasi za chanya na hasi. Ila nyaya ziwe nene. Wati 240 kwa volti 24 ni ampea 10, wakati kwa volti 230 ni kama ampea 1 tu. Fyuzi ikae karibu na betri.

Yoyote utakayonunua iwe na mkono wa kuzungushia, hasa duka likiwa na mlango mmoja tu, maana umeme ukikatika mtu hubaki amefungiwa ndani. Mkono huo ujaribiwe fundi akiwa bado yupo, umeme ukiwa umezimwa, na ajaribu yule atakayekuwa akifunga duka jioni.