Mmomonyoko, mmeguko na maporomoko

Taarifa nyingi huita kila uharibifu wa ardhi mmomonyoko, na hivyo humficha msomaji kama bado upo muda wa kuzuia. Kitenzi momonyoka hutaja kupungua chembe kwa chembe. Mkulima huutambua mmomonyoko kwa dalili ndogo: mizizi iliyobaki wazi, changarawe zilizosimama juu ya nguzo ndogo za udongo, maji ya kijito yaliyogeuka mekundu baada ya mvua. Vijifereji vikiungana na kuchimbika, huzaliwa korongo, nalo halifukiki kwa jembe. Vilima vya Kondoa vilifikia hali hiyo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililomomonyoka ili uoto urejee.

Mmeguko ni kukatika kwa kipande kizima, kama ukingo wa mto. Maporomoko huja ghafla: tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh tarehe 3 Desemba 2023 liliporomoka, halikumomonyoka. Msemo mmomonyoko wa maadili, kwa upande wake, ni sahihi, maana maadili nayo hupungua kidogokidogo.