Goma: Konkombre inaota hata penye mawe ya volkano, shida ni maji

Moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji wa Goma mwezi wa Januari 2002, na Mei 2021 ulifika tena hadi Buhene. Pale ulipopita, jembe linagonga jiwe. Anayetaka bustani ndani ya parseli yake analeta udongo kutoka mahali pengine, anaujaza katika mfuko na kupanda humo.

Lengalenga na vitunguu vimezoeleka. Konkombre, ambayo wengine wanaita tango, inafikiriwa mara chache, ingawa inapanda juu ya kamba au mti na haichukui nafasi kubwa. Mfuko mtupu wa mchele wa kilo 25, uliotobolewa chini, unatosha mimea miwili. Udongo unachanganywa na mbolea ya ng'ombe au ya kuku iliyooza vizuri, maana ile mbichi inaunguza mizizi.

Mbegu inazikwa sentimita 2 hivi. Kukiwa na joto, inachipuka ndani ya wiki moja. Lakini Goma iko kwenye mita karibu 1.500 na usiku wake ni wa baridi, kwa hiyo inaweza kuchelewa. Kuifukua kila asubuhi ili kuiangalia ndiyo njia ya kuiua.

Hesabu ngumu ni ya maji. Zaidi ya sehemu 90 kwa 100 za konkombre ni maji matupu, na siku ya jua kali mmea wenye matunda unaweza kunywa litre 2. Mimea miwili inamaliza bidon ya litre 20 kwa siku tano, bidon ileile inayongojewa na watoto na chungu. Ndiyo sababu ni vizuri kupanda mvua ya Septemba inapoanza: mavuno yanakuja baada ya miezi miwili hivi, kabla ya kiangazi. Maji yaliyoosha mchele au mboga yanafaa. Yenye chumvi au sabuni nyingi, hapana. Majani makavu juu ya udongo yanazuia jua kuukausha. Mmea ukipata kiu, tunda linakuwa chungu.

Maua ya kwanza yakianguka bila kuzaa, wengi wanadhani ni ugonjwa na kung'oa mmea. Hayo ni maua ya kiume tu. La kike linajulikana kwa kikonkombre kidogo nyuma yake. Penye nyuki wachache, ua la kiume linachumwa asubuhi na kusuguliwa ndani ya lile la kike.

Ya kula inachumwa ingali changa. Ya mbegu inaachwa hadi igeuke njano, mbegu zake zinalowekwa siku mbili au tatu, zinaoshwa, zinaanikwa kivulini. Zile za paketi yenye alama F1 hazifai kurudishwa udongoni: watoto wake hawafanani na mama.