Madaftari Mawili ya Ukoo: Tuchome Lipi?

Likizo iliyopita nilikuta kikao cha ukoo nyumbani kwetu Kyerwa. Mezani palikuwa na madaftari mawili yenye orodha ya mababu zetu. La zamani linamtaja bibi mmoja aliyeletwa Karagwe akiwa mjakazi. Jipya, lililonakiliwa kutoka hilo, limemruka. Baba mkubwa alitaka la zamani lichomwe, watoto wasome habari moja. Kisha akanigeukia: "Frateri, unasemaje?"

Niliwasimulia habari za Kilwa. Tarikhi ya wafalme wa Kilwa imetufikia kwa njia mbili. Moja ni maandishi ya Kiarabu yaliyotungwa karne ya 16. Nakala yake iliyoko London iliandikwa karne ya 19, ikachapishwa na Arthur Strong mwaka 1895. Nyingine ni muhtasari wa Kireno wa João de Barros, uliochapishwa Lisbon mwaka 1552.

Umri wa karatasi usitudanganye. Nakala iliyoandikwa juzi yaweza kubeba maneno ya kale, na kitabu cha zamani chaweza kuwa kimefupisha na kufasiri. Kwa hiyo kwanza tunaziweka nakala pamoja na kuona zinapopatana. Zote zinasema waanzilishi walitoka Shiraz, na kwamba kisiwa kilinunuliwa kwa nguo.

Kisha tunatazama zinapoachana. Kiarabu kinasimulia baba na wanawe sita, merikebu saba. Kireno kinasimulia mwana mmoja, Ali, aliyeondoka na merikebu mbili kwa sababu ndugu zake walimdharau: mama yake alikuwa mtumwa Mhabeshi. Katika Kiarabu mama huyo hayumo.

Je, aliongezwa au aliondolewa? Wachunguzi wa maandiko husema jambo linaloutia aibu ukoo wa mwandishi ni rahisi zaidi kufutwa kuliko kubuniwa. Lakini hiyo si hukumu ya mwisho, kwani mpinzani naye angeweza kuliongeza ili kuwadhalilisha wafalme. Swali hilo tunaweza kuliuliza kwa sababu tu nakala zote mbili zipo. Ingechomwa moja, tungebaki na jibu bila kujua kwamba palikuwa na swali.

Nikawakumbusha pia nasaba ya Bwana wetu katika Mathayo sura ya 1. Mwinjili angeweza kuandika majina ya wanaume peke yake, naye hakumruka Rahabu wala Ruthu Mmoabu.

Baba mkubwa hakufurahi sana. Hata hivyo aliyafunga madaftari yote mawili kwa kamba moja, akayarudisha sandukuni. Nawe msomaji, kama kwenu lipo daftari la namna hiyo, usilisahihishe kwa kufuta. Andika pembeni, utie tarehe, na maneno ya kwanza uyaache yasomeke.