Je, Umeishika Kazi, au Kazi Imekushika Wewe?

Mazungumzo ya redio. Somo: 1 Wakorintho 9:24-27

Kama maji ya chai yamo jikoni, yaacheni yachemke, mketi nasi kidogo. Leo nataka tufikiri juu ya neno moja dogo ambalo twalisoma mara nyingi bila kulipima. Neno hilo ni "kiasi".

Katika Wagalatia 5, Mtume Paulo anapotaja tunda la Roho, neno la mwisho katika orodha yake ni hilo. Wengi wetu tukisikia "kiasi" twadhani ni habari za pombe tu. Lakini neno la Kiyunani alilotumia Paulo, enkrateia, ni pana zaidi. Ndani yake limo neno kratos, maana yake nguvu au utawala. Basi mwenye kiasi ni mtu aliye na mamlaka juu ya nafsi yake mwenyewe. Aweza kujiambia "haya, fanya", akafanya; tena aweza kujiambia "basi, imetosha", akaacha. Angalieni sana, ndugu zangu: mambo hayo ni mawili, wala si moja.

Wakorintho walimwelewa Paulo upesi, kwa maana karibu na mji wao, mahali paitwapo Isthmia, palikuwa na michezo mikubwa kila baada ya miaka miwili. Mshindi alivikwa taji ya majani tu, ya msonobari au ya figili, ambayo baada ya siku chache ilikauka. Paulo anasema kwamba kwa ajili ya taji ya namna hiyo wale watu walijizuia katika yote. Kisha anaeleza kwamba yeye naye anautiisha mwili wake uwe mtumwa wake. Mwili ni mtumishi mwema sana. Shida huanza unapokuwa bwana.

Sisi wa Kenya hatuna haja ya kusafiri mpaka Ugiriki kutafuta mfano. Mtazameni Eliud Kipchoge wa Nandi. Mwaka wa 2003, akiwa kijana wa miaka 18, alishinda mbio za mita 5,000 za ubingwa wa dunia mjini Paris. Lakini mwaka wa 2012 hakupata nafasi katika timu ya Kenya iliyokwenda Olimpiki ya London. Wengine wangalikata tamaa. Yeye mwaka wa 2013 aligeukia marathoni, akaanza kama mwanafunzi. Alishinda Olimpiki ya Rio mwaka wa 2016, akashinda tena ile ya Tokyo iliyofanyika mwaka wa 2021. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alikimbia kilomita 42 na mita 195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuandikwa kuwa rekodi rasmi, kwa kuwa wenzake walimwongoza mwendo kwa kupokezana, lakini kabla ya siku ile hakuna mwanadamu aliyejulikana kuumaliza umbali huo chini ya saa mbili.

Je, alifikaje huko? Kwa miaka mingi aliishi maisha ya kawaida katika kambi ya Kaptagat pamoja na wanariadha wenzake, chini ya mwalimu wake Patrick Sang, ambaye mwenyewe alipata medali ya fedha Barcelona mwaka wa 1992. Kambini kazi za usafi hugawanywa kwa wote, bingwa na mgeni. Mazoezi yake huyaandika daftarini. Naye amesema hadharani mara nyingi kwamba mwenye nidhamu ndiye aliye huru, na asiye na nidhamu ni mtumwa wa tamaa zake.

Vijana wengi husikia habari hizo wakafikiri, "Kumbe siri ni kukimbia bila kusimama!" La, hasha. Mtu huyo huyo kwa kawaida amekimbia marathoni mbili tu kwa mwaka, na baada ya kila moja hupumzika. Wajuao habari za mwili hutuambia kwamba mazoezi huuchosha msuli, na ni katika kulala na kupumzika ndipo unapojengeka ukawa na nguvu kuliko kwanza. Akimbiaye kila siku kwa nguvu zake zote hafiki mbali, huvunjika. Wazee walikwisha kusema: mtaka yote kwa pupa hukosa yote.

Sasa tutoke uwanjani tuingie nyumbani. Mama mmoja wa kanisa letu aliniuliza hivi baada ya ibada: "Mchungaji, mume wangu halewi, wala hana mambo ya ovyo. Karo ya watoto hulipa kwa wakati. Lakini huondoka alfajiri watoto wamelala, na hurudi usiku watoto wamelala. Hata Jumapili yuko dukani. Nikilalamika, watu huniambia sina shukrani. Je, nina haki ya kulia?" Nikamjibu, "Mama, unayo."

Hebu tumfikirie baba huyo kwa upendo. Yeye si mvivu, wala si mwovu. Lakini ana nusu moja tu ya kiasi. Anaweza kujiambia "fanya", ila amepoteza uwezo wa kujiambia "basi". Hapo kwanza alifanya kazi apate karo. Karo ikapatikana, akataka duka la pili. Duka la pili likapatikana, sasa hajui tena anatafuta nini, ila hawezi kuketi. Zamani yeye aliishika kazi. Sasa kazi imemshika yeye. Na kwa nje hutaona tofauti! Wote wawili huamka mapema, wote wawili husifiwa na majirani.

Tusifikiri kwamba sababu ni choyo siku zote. Wengi wa watu hawa walilala njaa utotoni, au walifukuzwa shule kwa kukosa karo, na hofu ile haijawatoka hata leo. Wanakimbia kwa sababu wanafukuzwa. Katika Luka 12 Bwana Yesu alisimulia juu ya tajiri aliyetaka kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi. Someni tena nyumbani, mtaona jambo moja: mtu yule anazungumza na nafsi yake tu. Hataji mke, wala mtoto, wala jirani. Mungu anamtokea mwishoni, na usiku umekwisha kuingia.

Kushikwa huku kukikomaa, huharibu hata lile jambo lenyewe tulilolipenda. Twajua huzuni iliyoipata nchi yetu kwa sababu ya wanariadha waliotumia dawa zilizokatazwa. Baadhi ya dawa hizo huongeza chembe nyekundu za damu ili ichukue hewa nyingi zaidi, lakini damu huwa nzito, na moyo wa mtu huwekwa hatarini. Mwaka wa 2016 Kenya ilitunga sheria maalumu ya kupigana na jambo hilo. Wengi wa vijana hao hawakuanza wakiwa wadanganyifu. Walianza wakiwa na bidii. Lakini ilipofika siku ya kuchagua kati ya kushinda na kuwa waaminifu, kushinda kulikuwa kumekwisha kuwa mungu wao.

Sasa mtazameni mkimbiaji mwingine, Eric Liddell wa Uskoti. Katika Olimpiki ya Paris ya mwaka wa 1924, mbio zake zilikuwa mita 100, lakini mchujo uliwekwa siku ya Jumapili, naye kwa dhamiri yake akakataa kukimbia. Badala yake alijizoeza mita 400, akashinda kwa sekunde 47.6. Mwaka uliofuata, angali na nguvu zake, aliviacha viwanja vile, akaenda China kufundisha na kuhubiri. Alifariki tarehe 21 Februari 1945, akiwa na miaka 43, katika kambi ambamo Wajapani walikuwa wamewafunga wageni. Tena husimuliwa kwamba mle kambini, vijana walipokuwa wakipigana katika michezo yao ya Jumapili kwa kukosa msimamizi, yeye aliyekataa medali kwa ajili ya Jumapili alikubali kuwa mwamuzi wao siku hiyo hiyo. Mwaonaje? Mbio hazikumtawala, na hata kanuni yake mwenyewe haikumtawala kupita upendo. Alikuwa na Bwana mmoja tu.

Basi, msikilizaji mpenzi, jipime kwa maswali matatu. La kwanza: je, naweza kuiacha kazi hii kwa siku moja bila moyo wangu kuchafuka? La pili: wale ninaosema nawafanyia kazi, je, wananiona? La tatu: nikishindwa kesho, je, nitakuwa bado ni mtu? Kipchoge alipofika Olimpiki ya Paris mwaka wa 2024, maumivu yalimshika njiani, akaacha kukimbia, akatembea, akawagawia watazamaji nguo na viatu vyake. Hakupata medali siku ile, lakini aliweza kusema "basi".

Simwambii mtu awe mvivu. Mchumia juani hulia kivulini, na mwanafunzi asiyefungua kitabu asitafute kisingizio katika maneno yangu. Lakini kumbukeni kwamba mchumia juani naye sharti aketi kivulini ale. Mungu aliyetupa siku sita za kazi ndiye aliyetupa ya saba, si kwa sababu kazi ni mbaya, bali ili tujue kwamba sisi si watumwa tena.

Nawe baba, kama umejisikia katika habari ya yule mama, usingoje hata duka la tatu. Jumapili hii funga mlango, umwachie Mungu ufunguo kwa siku moja, ukae na wanao. Huenda mwanzoni mtakosa la kusema. Kaa tu.

Na tuombe. Ee Bwana, utupe bidii isiyo na hofu, na pumziko lisilo na uvivu. Utufundishe kuanza, utufundishe na kuacha, na katika yote uwe wewe peke yako Bwana wetu. Kwa Yesu Kristo. Amina.